Muulize Fundi: Kalenda moja, tarehe mbili, na hela ya programu hakuna

Toleo lililopita niliandika mstari mmoja tu, kwamba siku hizi unaweza kuprinti kalenda yenye tarehe za Kiajemi na za Kizungu pamoja bila kununua programu yoyote. Mstari mmoja jamani. Barua zilizokuja zimefunika hata zile za simu zinazozima zenyewe, kwahiyo mwezi huu nazijibu hizi, wenye simu mtanisamehe.

SWALI: Fundi shikamoo. Mi kijana wa Tanga, niko Deira hapa Dubai, nafanya kwenye duka la mazulia na pistachio. Bosi wangu Muiran, mtu mzuri sana ila tarehe zake zinaniua. Atasema yule mteja deni lake tano Mordad, mi nashika simu naanza kutafuta tano Mordad ni lini, nikipata jibu yeye keshahamia habari nyingine. Nataka kalenda ya ukutani niprinti mwenyewe, tarehe yake iwe kubwa na yetu ndogo chini yake. Laptop ya dukani ni ya zamani, ina Windows, na hela ya kununua programu haitoki. Ipo ya bure? (Mtoto wa Tanga)

JIBU: Marahaba mwanangu. Tano Mordad ya mwaka wao 1405 ni tarehe 27 Julai 2026, Jumatatu, mwambie mteja ajiandae.

Kabla ya programu nikupe kitu ambacho kikikukaa kichwani utaacha kuogopa hizo tarehe. Mwaka wa Kiajemi unaanza Nowruz, siku jua linapovuka ikweta kwenda kaskazini, yani Machi 20 au 21 ya Kizungu. Miezi sita ya kwanza yote ina siku 31, mitano inayofuata ina siku 30, wa mwisho Esfand una 29, na mwaka mrefu unakuwa na 30. Basi. Hakuna habari ya kuhesabu kwenye vifundo vya ngumi kama tulivofundishwa shule. Na hiyo nusu ya kwanza kuwa ndefu sio upendeleo, dunia yenyewe inakwenda polepole kidogo inapokuwa mbali na jua, na huko mbali inafika mwanzoni mwa Julai, kwahiyo jua linakaa upande wa kaskazini wa ikweta siku nyingi zaidi, siku 186 hivi. Waajemi wakaigawa 186 kwa sita wakapata 31 kamili. Mi hiyo hesabu huwa inanifurahisha kila nikiiona sijui kwanini.

Sasa wiki. Hapa we Mswahili una bahati kuliko Mzungu yeyote atakaejaribu kazi hii. Wiki ya Iran inaanza Jumamosi, na wiki yetu inaanza Jumamosi, si ndo maana ikaitwa Jumamosi, ya mosi? Wao Jumamosi ni Shanbe, halafu wanaanza kuhesabu: Yekshanbe, moja baada ya Shanbe, hiyo Jumapili. Doshanbe, mbili, Jumatatu. Seshanbe, tatu, Jumanne. Chaharshanbe, nne, Jumatano. Panjshanbe, tano, Alhamisi. Na Ijumaa ni Jom'e, huyo mnamjua wote. Kwahiyo namba yao kila siku iko nyuma ya yetu kwa moja, sisi tumeihesabu Jumamosi yenyewe kama ya kwanza wao wameianza kama sifuri. Bosi akikwambia doshanbe usisikie "mbili" ukaenda Jumapili, utakuta duka la watu limefungwa.

Programu. Kwa laptop ya zamani yenye Windows, na kwa mtu ambae hataki kujifunza kuandika kodi, mi nakwambia chukua LibreOffice, ni ya bure na ni huria, utumie ile ya majedwali inaitwa Calc. Najua ulitegemea nikutajie programu ya ajabu ya kubofya kitufe kimoja. Zipo zinazojaribu, nitazitaja chini, ila kwa hali yako hii ndo njia fupi na nimeifanya mwenyewe mara nyingi.

Fungua shiti moja kwa kila mwezi wa Kiajemi. Juu weka safu saba, Jumamosi mpaka Ijumaa. Kila wiki ipe mistari miwili, wa juu mpana wenye fonti kubwa, mi naweka 36, huo wa tarehe ya bosi, wa chini mwembamba wenye fonti 12, huo wako. Mwaka 1405 umeanza vizuri mno kwa fundi wa kalenda maana 1 Farvardin, mwezi wao wa kwanza, imeangukia Jumamosi, 21 Machi 2026, yani kiboksi cha kwanza kabisa, hakuna viboksi vitupu mwanzoni. Kwenye mstari mwembamba andika hiyo 21 Machi 2026 kwenye kiboksi cha kwanza, cha pili kiandikie fomula ya kiboksi cha kwanza kuongeza moja, buruta mpaka Ijumaa, wiki ya pili inaanza na Ijumaa ya juu kuongeza moja, na kuendelea. Kwenye fomati ya seli chagua lugha ya Kiswahili na muundo wa siku na mwezi, itakuandikia Aprili, Mei, Juni yenyewe bila we kugusa. Mstari mkubwa ni kuburuta tu 1 mpaka 31.

Mwezi unaofuata, Ordibehesht, unaanza 21 Aprili, Jumanne. Halafu Khordad 22 Mei, Tir 22 Juni, Mordad 23 Julai, Shahrivar 23 Agosti, Mehr 23 Septemba, Aban 23 Oktoba, Azar 22 Novemba, Dey 22 Desemba, Bahman 21 Januari 2027, Esfand 20 Februari, na 1406 inaingia 21 Machi 2027. Hizo ni za mwaka huu wa 1405, usizibandike mwaka mwingine kichwa kichwa, sababu utaiona kwenye barua ya tatu.

Kama bosi anataka namba zake kwa mwandiko wake, kuna ujanja. Fomula ya UNICHAR ukiipa 1776 inakupa sifuri ya Kiajemi, 1777 moja, mpaka 1785 ambayo ni tisa. Usichukue zile zinazoanza 1632, hizo ni za Kiarabu. Zinafanana ila nne, tano na sita zinatofautiana: Mwarabu anaandika ٤ ٥ ٦, Muajemi anaandika ۴ ۵ ۶. We uliesoma chuoni macho yako yamezoea za msahafu kwahiyo kosa hutaliona, bosi ataliona kutoka mlangoni.

Ukitaka jedwali lianzie kulia kama wanavyosoma wao, washa lugha za kuandikwa kulia kwenda kushoto kwenye mipangilio ya LibreOffice, litatokea chaguo la kugeuza shiti nzima, Jumamosi inahamia kulia. Mi ningeuliza kwanza nani ataiangalia zaidi hiyo kalenda. Ya bosi iwe kulia, yako iwe kushoto, na kama ni moja kwa wote wawili basi mwenye duka ndo mwenye duka.

Likizo usizijaze zote. Zilizofungwa na jua hazibadiliki, 1 mpaka 4 Farvardin, 12 na 13 Farvardin, 14 na 15 Khordad, 22 Bahman, 29 Esfand. Za mwezi mwandamo kama Idi na Ashura ziandike kwa penseli ukutani zikikaribia, mambo ya mwezi unayajua mwenyewe kwetu yanavokuwa.

Ukimaliza toa PDF, usipeleke faili la Calc steshenari. Kwanini, soma barua ya dada hapa chini.

SWALI: Habari Fundi, mi niko Hamburg, mume wangu ametoka Shiraz na mama mkwe tunaishi nae. Nilimtengenezea mama kalenda kwa Kiajemi kabisa, kwenye kompyuta yangu nzuri inapendeza, nikaipeleka kwa flash kwenye duka la kuprinti. Imetoka vituko. Herufi zimeachana kila moja peke yake na zinasomeka kinyume. Nikabadilisha nikajaribu kwingine, safari hii herufi zimeshikana lakini kwenye majina ya siku Jumatano na Alhamisi zimeanza na kiboksi kitupu, siku nyingine zote sawa! Mama kacheka mpaka kalia. Kosa liko wapi? (Mkwe wa Shiraz)

JIBU: Dada, hiyo ya Jumatano na Alhamisi nimeisoma nikapiga makofi peke yangu, maana ugonjwa umejitaja wenyewe.

Tuanze na vituko vya kwanza. Herufi za Kiajemi kama za Kiarabu zinabadilika umbo kutegemea ziko mwanzo, katikati au mwisho wa neno, na kazi ya kuzishikanisha anaifanya kompyuta wakati wa kuonesha. We ulipeleka faili la kuharirika, ile mashine ya dukani ikalifungua na programu isiyojua kushikanisha wala kugeuza mwelekeo, ikazimwaga kama njugu. Ukitoa PDF kwenye kompyuta yako ambayo inaonesha vizuri, maumbo yanakuwa yameshapangwa na fonti imeingia ndani ya faili, mashine ya watu haina cha kufikiria, inachapa tu. Kama unatumia Linux kuna amri inaitwa pdffonts, ukiipa jina la faili inakuorodheshea fonti zote na safu moja inasema imo ndani au haimo. Ikisema haimo, usitoke nyumbani.

Sasa kiboksi. Jumatano kwa Kiajemi ni چهارشنبه na Alhamisi ni پنجشنبه. Ya kwanza inaanza na che, ya pili inaanza na pe, na Kiarabu hakina herufi hizo mbili. Siku nyingine zote tano zinaandikika kwa herufi ambazo Kiarabu kinazo. Kwahiyo fonti iliyotumika safari ya pili ni ya Kiarabu kitupu, ilipofika kwenye che na pe ikakosa cha kuweka ikaweka kiboksi. Na hizi herufi sio ngeni kwetu, baadhi ya wazee wa mwambao walipokuwa wanaandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu na wakahitaji P na CH, walichukua hizohizo za Muajemi wakaendelea na shairi lao.

Dawa ni fonti. Daunlodi Vazirmatn, ni ya bure na leseni yake inaruhusu kuchapa chochote, au Noto Naskh Arabic ambayo pamoja na jina lake herufi za Kiajemi inazo. Mi kwa kalenda napenda Vazirmatn kwasababu namba zake zinasomeka kwa mbali, na mama mkwe nadhani hatavaa miwani kuangalia tarehe. Ukishabadilisha usiangalie kalenda nzima, andika پ چ ژ گ kwenye karatasi moja uprinti, zikitoka nne zote fonti ni nzima.

Jambo moja zaidi, kama unatengenezea kwenye brauza na kuprinti kutoka hapo, ile rangi uliyoweka kwenye Ijumaa haitatoka mpaka uweke tiki kwenye chaguo la kuchapa rangi za nyuma, kwa kawaida limezimwa. Watu wengi wanadhani wino umeisha wananunua mwingine.

SWALI: Fundi, nimesoma Qom kule Iran miaka kadhaa, sasa nimerudi Mombasa na familia. Mtoto wetu wa mwisho kazaliwa kule tarehe 5 Novemba 2025. Kadi yake ya kule imeandikwa 14 Aban 1404. Juzi najaza fomu nikataka kuhakikisha, nikaweka 5 Novemba kwenye programu moja ya bure ya kalenda ikaniambia 15 Aban. Nikaweka kwenye nyingine ikasema 14. Mtoto kazaliwa lini jamani? Mke wangu anasema walikosea kadi. (Baba Watatu, Mombasa)

JIBU: Baba, kadi iko sawa, mwombe mama msamaha kwa niaba ya programu. Na hii barua ndo naitaka kuliko zote kwasababu kosa hilohilo limewahi kunikamata mimi, ntaeleza.

Kalenda ya Iran haina sheria kama ya Kizungu ya kusema kila mwaka wa nne ni mrefu. Sheria yake iko angani. Wanaangalia dakika jua linapovuka ikweta mwezi Machi, kwa saa ya Iran, ile ya mstari wa digrii 52 na nusu mashariki. Likivuka kabla ya adhuhuri, siku hiyohiyo ndo 1 Farvardin. Likivuka baada ya adhuhuri, 1 Farvardin inakuwa kesho yake. Wenye kazi ya kupanga hiyo kalenda rasmi wako kwenye taasisi ya jiofizikia ya Chuo Kikuu cha Tehran.

Sasa angalia kilichotokea mwaka 2025. Tarehe 20 Machi jua lilivuka saa sita na dakika 31 mchana kwa saa ya Tehran. Nusu saa tu baada ya adhuhuri! Kwetu huku Mombasa na Dar ilikuwa saa sita na dakika moja, muadhini yuko njiani. Lingewahi kwa dakika 32 tu, mwaka 1404 ungeanza siku hiyo. Halikuwahi, kwahiyo 20 Machi 2025 ikabaki ni siku ya 30 ya Esfand 1403, mwaka 1403 ukawa mrefu, na 1404 ukaanza 21 Machi.

Kompyuta haitazami jua, kwahiyo waandishi wa programu wanatumia hesabu za kukadiria. Moja ni ya mzunguko wa miaka 33, ndani yake miaka mirefu minane. Hiyo kwa zama zetu inakwenda sawa na mbingu, na inasema 1403 ni mrefu. Nyingine ni ya mzunguko wa miaka 2820, inahusishwa na Ahmad Birashk, ni hesabu kubwa inayotisha, ukiiona unaiamini tu. Hiyo inasema mrefu ni 1404, sio 1403. Kwahiyo programu yenye hesabu hiyo iliuanzisha mwaka 1404 tarehe 20 Machi, na mwaka mzima, kila siku, kuanzia Nowruz mpaka Esfand, ikawa mbele kwa siku moja. Mtoto wako kaangukia humo. Na angalia inavoponyoka: kwasababu 1404 wameupa siku 366, unapofika 1405 zote mbili zinakutana tena 21 Machi 2026. Ukiijaribu leo iko sawa, ukiijaribu na tarehe ya mwaka jana ina kosa.

Mi yalinikuta hivi. Jamaa yangu mmoja alitaka kalenda za ofisi za mwaka 1404, nikazitoa kwa programu ya bure niliyokuwa naitumia tangu zamani, nikaangalia miezi ya nyuma yote sawa, nikaprinti nakala sitini, karatasi nzito, na waya wa juu. Kafika nazo kwa wateja wake Wairan. Wa kwanza kaangalia ukurasa wa Farvardin, kaangalia simu yake, kaangalia tena ukurasa. Kauli aliyoniletea jamaa yangu siwezi kuiandika hapa. Zote sitini zikawa karatasi za watoto za kuchorea, upande wa nyuma zilikuwa safi bahati nzuri.

Tangu siku hiyo sigusi programu ya kalenda ya Kiajemi kabla ya kuiuliza swali moja: 20 Machi 2025 ni tarehe ngapi? Ikijibu 30 Esfand 1403 nakaa nayo. Ikijibu 1 Farvardin 1404 naifuta, hata kama ina rangi nzuri namna gani. Na kuna hakimu yupo bure kwenye kompyuta ya kila mtu. Fungua Firefox au Chrome, bonyeza F12, nenda sehemu ya konsoli, andika kwa mkono hivi:

new Date(2025,2,20).toLocaleDateString('fa-IR')

Utapata ۱۴۰۳/۱۲/۳۰. Ile 2 ya katikati ndo Machi, usishtuke, hao wanahesabu miezi kuanzia sifuri kama Waajemi na siku zao za wiki. Kwa mtoto wako weka 2025,10,5 utaona ۱۴۰۴/۸/۱۴, Aban ni mwezi wa nane. Mwoneshe mama.

SWALI: We Fundi mbona kila siku Windows tu, sisi wa Linux hatuhesabiwi? Nipe za kwetu za kalenda mchanganyiko. Kifupi. (Penguini wa Kigamboni)

JIBU: Kifupi. StarCalendar, imeandikwa kwa Python, inaonesha tarehe mbili tatu kwenye kiboksi kimoja, ya Kiajemi, ya Kizungu, ya Kiislamu, hata ya Kiethiopia imo. Kwenye mipangilio ya Kiajemi inakupa uchague hesabu, ya miaka 33 au ya 2820, na baada ya barua ya juu unajua uweke ipi. Inatoa kurasa za HTML ambazo utaziprinti kwa brauza.

Kwenye terminal kuna jcal, andika jcal 1403 uangalie Esfand inaishia ngapi, ikiishia 29 toleo lako lina ile hesabu nyingine, achana nalo. Ni ya kutazama tu, sio ya ukutani.

Na kuna babu mmoja anaitwa pcal, yupo tangu miaka ya 1980, anatoa kalenda kwa PostScript, ile lugha ya printa. Kiajemi hajui hata neno moja. Ila unaweza kumpa faili la maandishi lenye mstari mmoja kwa kila siku, mfano 3/21 halafu 1 Farvardin, mwezi mbele siku nyuma kwa mtindo wa Kimarekani, na yeye atayaweka maneno hayo ndani ya kiboksi cha siku hiyo. Ukipitisha kwenye ps2pdf, amri ya kuigeuza iwe PDF, una kalenda. Herufi ni za Kilatini tu, kwa mwenye kutaka mwandiko wa Kiajemi hafai, lakini kwa ofisi ya Waswahili wanaotaka kujua bosi anasema nini, mi naona inatosha na inapendeza kwa uzee wake. Scribus na Inkscape zote zina kitu cha kutengeneza kalenda ndani yake, zinajua ya Kizungu tu, zitumie kwa mapambo.

SWALI: Fundi, jirani yangu Mwafghani ana kalenda ukutani, mwaka ni uleule 1405 lakini miezi imeandikwa Hamal, Sawr, Jawza... Hii nayo ni programu imekosea? (Msomaji, Hamburg pia)

JIBU: Haijakosea. Waafghani wengi wanatumia mpangilio huohuo ila majina ni ya buruji za jua, na we ukitulia unayajua yote, si ndo zile nyota za gazetini: Hamali, Thauri, Jauza, Saratani, Asadi, Sumbula, Mizani, Akarabu, Kausi, Jadi, Dalu, Hutu. Hamal ndo Farvardin, teremka nayo mpaka Hut ambayo ni Esfand. StarCalendar inakuruhusu kuchagua majina ya Kidari au Kipashto badala ya ya Iran, na hata ya Kikurdi. Kwenye Calc futa andika.

SWALI: Mwanangu, mimi ni mzee wa Makunduchi, mjukuu ndiye ananiandikia. Nasikia mnazungumza Nairuzi ya Waajemi kuwa Machi. Sisi Nairuzi yetu, Mwaka Kogwa, ni Julai. Ni moja au ni mbili? Na hiyo mashine inaweza kunitolea miongo yangu? (Babu)

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Jina ni moja, Nowruz yao na Nairuzi yetu neno ni lilelile, siku mpya, lilisafiri na bahari. Lakini mwaka wenyewe umeachana njiani. Mwaka wa Nairuzi wa mwambao, ule wa wavuvi, manahodha na wakulima, hesabu yake ya asili ni siku 365 kavu, hauna siku ya nyongeza, ndo maana ukiuacha wenyewe unasogea kwa siku moja kila miaka minne ya Kizungu. Waajemi wa zamani nao walikuwa na mwaka wa siku 365 hivohivo, kisha wakaufunga na jua, na mwaka 1079 zama za Sultani Malik Shah wanajimu wake, Omar Khayyam akiwemo, wakauweka sawa na Machi. Iran ya sasa ikaufanya rasmi mwaka 1925. Wa kwetu haukupitia mikononi mwao, ukabaki na hesabu yake.

Miongo, yale makundi ya siku kumi kumi, mashine inaweza, na ni rahisi kuliko kalenda zote nilizoeleza humu. Mwambie mjukuu afungue Calc, kiboksi cha kwanza aandike tarehe ya siku ya mwaka mtakayoitangaza huko Makunduchi, aburute chini mpaka zitimie 365. Safu ya pembeni ahesabu 1 mpaka 10, arudie, 1 mpaka 10, arudie, mara 36, na mbele ya kila kumi aandike mwongo wa mosi, wa pili, mpaka mwisho. Zitabaki siku tano zisizo na mwongo, hizo azipake rangi. Halafu mzee kabla hajaprinti umkalishe umwambie mwongo gani mvua gani na upepo gani, ayaandike kwenye safu ya tatu, maana hiyo safu hakuna programu ya kuijaza, na mi nitaomba nakala moja mniletee hapa ofisini.